Mkebe wa Vizibo wa Mfasiri

Mfasiri hakuweza kuandika kwamba mtu ameuawa mpaka ajue aliyemuua alisimama wapi. Wenzake ofisini walisema ni wazimu wa uzee. Mimi nilikaa naye miaka mingi nikaona ndicho kitu safi kuliko vyote alivyokuwa navyo, na mimi ndiye niliyekitia doa.

Aliishi orofa ya tatu katika jengo nililokuwa nalinda Fereej Bin Mahmoud, mtaa wa Doha. Kazi yake ilikuwa kuchukua habari za vita zilizoandikwa kwa Kiingereza na Kiarabu na kuziandika upya kwa Kiholanzi. Ofisi yake iliziweka kwenye tovuti, na watu wa Uholanzi na Ubelgiji wakazisoma huko kwao wakinywa kahawa. Somalia, Darfur, Kongo, baadaye Libya na Syria. Mtu akilipuliwa sokoni asubuhi, alasiri yuko juu ya meza yangu ya ulinzi.

Nasema juu ya meza yangu na sitanii. Saa ya joto, barabara ikiwa haina hata paka, lifti ilifunguka, Mfasiri akatoka na kompyuta kwapani na mkebe wa biskuti mkononi, miguuni soksi ndani ya ndala.

"Soja, nipishe nusu meza."

Kwetu Kenya mlinzi anaitwa soja. Sijui alilitoa wapi neno hilo, maana Kiswahili chake hakikuwa cha kwetu. Wengine walisema ni mtu wa Mombasa, wengine Bujumbura. Ukimuuliza anatoka wapi alijibu, "Jikoni," akaendelea na shughuli zake.

Mkebe ulikuwa na vizibo vya soda alivyokusanya kwenye bakala, lile duka dogo la Mmalayali, Mhindi wa Kerala, chini ya jengo. Vyekundu walikuwa watu wenye bunduki. Vya rangi ya machungwa walikuwa raia. Kimoja cha kijani, kimoja tu, alikuwa shahidi, yaani yule aliyemsimulia mwandishi wa habari. Viberiti vilikuwa nyumba. Alinisomea habari kwa Kiswahili, sentensi moja moja, na kila sentensi akasogeza vizibo. Akimaliza aliinama mpaka shavu linakaribia kugusa meza, jicho lake likawa nyuma ya kile kizibo cha kijani, akatazama. Alitaka kujua kama shahidi angeweza kuona alichosema ameona. Kama kiberiti kilimkinga, Mfasiri alipiga simu ofisini na hapo hakuna aliyepata amani.

"Habari isiyopangika," alikuwa akisema, "ni ya uongo, au imeandikwa na mtu aliyekuwa hotelini."

Mimi niliishia darasa la sita. Lakini kuna siku alisoma habari ya kina mama waliopigwa risasi kisimani, wanajeshi wakiwa mlimani, na kina mama wakakimbilia mlimani. Nikamwambia, "Mzee, hapo pana kasoro. Hakuna mtu anakimbilia bunduki." Akanitazama kwa juu ya miwani, ile miwani yake iliyoshikwa na waya upande mmoja. Akapiga simu, huko nao wakapiga simu, na kumbe ilikuwa milima miwili. Tangu siku hiyo aliniletea habari kama vile mtu anavyompelekea fundi nguo. Mimi wa darasa la sita. Ofisini kwao walikuwa na watu wa chuo kikuu wamejaa.

Musa, dereva wa teksi kutoka Uganda niliyekaa naye chumba kimoja kule Al Mansoura, alipitia pale kunywa maji ya baridi akatukuta tumeinamia meza.

"Ssebo, hii drafti yenu nani anashinda?"

"Hakuna anayeshinda, Musa," Mfasiri akasema. "Tunaangalia tu nani alisogea."

"Sasa mzee, mimi nikifa utaniweka kizibo gani?"

"Wewe cha maji ya chupa. Huna gesi."

Musa alicheka mpaka akamwaga maji. Wiki nzima chumbani tulimwita Maji ya Chupa.

Mfasiri alikuwa na mambo yake. Alipanda baiskeli Doha, mji ambao hata anayekwenda duka la jirani anawasha gari, na suruali aliibana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Asubuhi alikula mkate wa siagi ulionyunyiziwa punje za chokoleti, chakula cha watoto wa Kiholanzi, akaniambia kwamba Uholanzi alichukia kila kitu, mvua, samaki mbichi, ngazi za nyumba. Punje zikiisha alinuna mpaka kifurushi kingine kije. Umri wake ulikuwa sitini kasoro, na miaka yote niliyomjua ulibaki sitini kasoro.

Na jambo lililonishangaza zaidi: huyu aliyeandika wafu kutwa nzima hakuweza kutamka kifo cha mtu aliyemfahamu. Mnepali aliyekuwa akifagia ngazi zetu alilala usiku mmoja hakuamka, kijana wa watu mwenye afya. Nilipompa Mfasiri habari, alisimama pale na vibanio vyake vya suruali, akasema, "Amechelewa kuamka." Miaka yote akimtaja alisema hivyo. Yule kijana aliyechelewa kuamka.

Aliwahi kunionyesha kitu kwenye kompyuta yake. Kulikuwa na kitufe kimoja, akikibonyeza yanatoka maneno manne matano ya Kiholanzi kwa mpigo. Nikamuuliza yanasemaje.

"Watu wenye silaha wasiojulikana," akasema. "Nayaandika mara nyingi mno, nikaona niyawekee kitufe."

"Wasiojulikana na nani?"

"Swali zuri hilo. Anayeua anajulikana na mtu. Ila yule mtu haulizwi." Akafunga kompyuta. "Nakichukia hiki kitufe, Soja. Na ndicho kilichochakaa kuliko vyote."

Alilisema hilo bila kujua anamwambia nani.

Sasa niseme kwa nini nilimzoea, maana nimeandika kana kwamba ni mapenzi tu. Mwanzo hayakuwa mapenzi. Nilipofika jengo lile nilimsikia kwenye simu akiongea lugha nisiyoijua, nikamuuliza Mmalayali, akaniambia huyu mzee anaandika habari zinazosomwa Uholanzi. Siku iliyofuata nikamfungulia mlango na kumbebea baiskeli. Mwaka mzima nilimbebea. Nilikuwa na mtu wangu Uholanzi.

Nyumbani kwetu ni mlimani, upande wa mpaka wa Uganda. Palikuwa na vita ya mashamba, vijana wa msituni upande mmoja, halafu serikali ikaja na yake. Habari za kwetu ziliandikwa kidogo, na zote ziliandikwa kwa kile kitufe. Wasiojulikana. Mimi nawajua. Erasto, aliyekuwa na mashine ya kusaga pale njia panda, ndiye aliyempiga risasi kaka yangu. Patrisi, aliyekuwa akiendesha trekta ya ushirika, ndiye aliyemwaga petroli juu ya paa. Hao nawataja hapa na nitawataja mbele ya yeyote. Niliwaona kwa macho yangu, saa ya kukamua, kumeshapambazuka.

Na wa tatu nilikuwa nikimtaja Zablon. Jirani yetu, mwalimu wa kwaya, aliyesaidiwa na watu wa kanisa akaenda Uholanzi mwaka uliofuata.

Siku ilikuja yenyewe. Mfasiri alishuka na habari fupi juu ya mlima wetu, watu wa haki za binadamu walikuwa wametoa taarifa. Akanisomea kama kawaida. Mkono ulikuwa kwenye mkebe tayari. Akafika mahali pa watu wenye silaha wasiojulikana.

"Wanajulikana," nikasema.

Akaacha kusoma. Nikamwambia hapo ni kwetu. Nikamweleza kuhusu kaka yangu, na Neema, binti yake wa miaka minne, aliyenikimbilia nikambeba mgongoni, na risasi iliyompata akiwa mgongoni. Nikamtajia Erasto. Nikamtajia Patrisi. Nikamwambia Zablon alishika lango ili mtu asitoke, na sasa anaishi huko kwenu, anafundisha watu kuimba.

Mfasiri alifungua mkebe. Akaingiza vidole, vizibo vikalia. Halafu akautoa mkono, akaufunga mkebe polepole, akauweka chini kwenye sakafu karibu na mguu wake.

"Hapana," akasema. "Msiba wako sitaupanga kama drafti."

Mimi ni mlinzi. Najua uso wa mtu aliyepita getini bila kukaguliwa. Siku hiyo nadhani nilikuwa nao.

Aliandika kwa Kiholanzi palepale, nikisimulia, na hakuniuliza hata swali moja la kawaida yake. Ng'ombe walikuwa upande gani, mlango unafunguka ndani au nje, hakuna. Macho yake yalikuwa mekundu. Alipofika kwenye majina alinigeuzia kompyuta nihakikishe kama yameandikwa sawasawa. Katika ukurasa wote ule ni majina tu niliyoweza kusoma. Nikaweka kidole chini ya la Zablon nikalifuata herufi moja moja.

"Liko sawa," nikasema.

Mimi mwenyewe hakuniandika jina. Niliandikwa mkulima mmoja aliyenusurika. Alisema ni kwa usalama wangu, nikakubali haraka.

Ofisini walitaka shahidi wa pili. Mkubwa wa wafasiri alimwambia kuwa majina ya watu hayawekwi hivihivi. Mfasiri, aliyekuwa akiwasumbua miaka yote kwa ajili ya kisima na mlima, aliwaambia shahidi huyu anamjua, anakaa naye kila siku, na kama kuna kosa waandike ni lake. Wakamwamini kwa sababu hawakuwahi kumwona akimwamini mtu.

Miezi kadhaa ikapita, akashuka siku moja bila mkebe. Maofisa wa uhamiaji wa Uholanzi walikuwa wameisoma. Waliiandikia ofisi barua kuuliza kama shahidi ana hakika, maana Zablon alikuwa ameomba karatasi za kukaa na kuwaleta mkewe na watoto, na mtu anayeshukiwa kuua hapewi.

"Una hakika, Soja? Yule wa langoni?"

"Nilimwona kama ninavyokuona wewe."

"Yatosha," akasema, akapanda juu kuandika majibu.

Karatasi za Zablon zikasimamishwa. Mimi siku ile nilinunua chai ya karak nikawapa watu wote waliopita pale mapokezi, Mmalayali, wafagiaji, hadi mtu aliyekuja kusoma mita. Wakaniuliza nimepata mtoto? Nikasema kuna habari njema nyumbani.

Sasa niseme ilivyokuwa.

Nilikuwa nyuma ya banda la ng'ombe, ndoo mkononi. Erasto na Patrisi niliwaona kwenye uwanja. Lango sikuliona. Neema alinikimbilia, nikatoka naye kwa nyuma, kwenye migomba, na akapigwa hapo. Nilishuka mpaka kwa Zablon kwa sababu mlango wake ulikuwa wa chuma na alikuwa na baiskeli ya kumfikisha mtoto zahanati. Nikabisha. Nikamwita kwa jina. Nikasikia kikohozi chake ndani, kikohozi nilichokijua kutoka kanisani, na nikasikia akimnyamazisha mtu. Nikabisha mpaka mtoto akawa mzito. Hakufungua.

Hayo ndiyo aliyoyafanya Zablon. Hakushika lango. Hakufungua mlango. Niliviweka pamoja kichwani mwangu, mwaka baada ya mwaka, nikiwa nimesimama kwenye milango ya watu wengine nawafungulia, mpaka mlango wake ukawa lango letu na yeye akawa amesimama pale. Lakini sitadanganya tena: siku ile mbele ya Mfasiri nilijua. Nilijua nilipokuwa nikitaja. Mkebe ulipofunguliwa niliogopa, na ulipofungwa nikashukuru.

Dada yangu Rhoda alinipigia simu mwaka uliofuata. Mke wa Zablon alikuwa akiuza mandazi pale stendi kwetu.

"Watoto walikuwa wameshapigwa hadi picha za pasipoti," Rhoda akasema. "Sasa shuleni wanaitwa watoto wa muuaji. Mdogo amekataa kwenda."

"Baba yao angefikiria hayo mapema."

"Nikuulize kitu, lakini usikasirike."

"Uliza."

"Siku ile ulipokuja kwangu na Neema, uliniambia Zablon hakukufungulia. Ulisema ulimsikia akikohoa. Sasa mtu atakuwaje langoni kwetu na ndani kwake?"

Nikamwambia simu inakatika. Nikaikata mwenyewe.

Baada ya hapo niliishi na Mfasiri miaka minne, nikijua. Alasiri alishuka, nikampisha nusu meza, tukapanga wafu wa Syria. Akiinama nyuma ya kizibo cha kijani nilitazama kisogo chake, mvi zake, ukosi wa shati uliochakaa, nikasema moyoni leo nitamwambia. Halafu Musa alipita na utani wake, au mpangaji aliomba ufunguo, na siku ikaisha. Kibaya zaidi, ile habari yetu aliipenda. Alikuja kijana mpya ofisini kwao, wa Ubelgiji, Mfasiri akamleta mpaka pale mezani aonyeshwe vizibo.

"Kila kitu unapanga hivi, mzee?" Musa akauliza kwa Kiingereza chake cha teksi, kijana naye asikie.

"Kila kitu," Mfasiri akasema. Akaniwekea mkono begani. "Isipokuwa moja. Kwa huyu sikuhitaji."

Kijana akanipa mkono kwa heshima. Nikampa wangu. Ulikuwa na jasho na kiyoyozi kilikuwa kinavuma juu ya kichwa changu.

Nilikuwa nikimkasirikia pia, niseme. Nilijiambia yeye ndiye mwenye elimu, yeye ndiye angeuliza. Kina mama wa kisimani aliwauliza, watu wa Darfur aliwauliza, mimi akaacha kuniuliza kwa sababu nilikuwa rafiki. Mtu anaweza kumchukia mwenzake kwa kuaminiwa naye. Mwezi mmoja nilimjibu mkato kila alichosema, na yeye akafikiri naumwa, akaniletea mkate wake wa chokoleti kwenye sahani.

Kampuni ikanihamishia Lusail, kwenye mnara mpya ambao nusu ya orofa zilikuwa bado na nailoni madirishani. Mapokezi ya marumaru, meza ndefu kama ya benki, mimi peke yangu. Sikumuaga vizuri. Nilimwambia tutaonana, kama watu wanavyosema. Nikakaa mwaka na zaidi bila kumpigia, na akipiga yeye nilisema niko kazini.

Mara ya mwisho alikuja alasiri, saa ileile yake. Musa alimleta na teksi, akabaki nje kwenye gari kwa sababu hakuruhusiwa kuegesha. Mfasiri alikuwa amepungua. Jicho moja lilikuwa na ukungu. Soksi na ndala zilikuwa zilezile, juu ya marumaru ile.

"Wamefunga Kiholanzi," akasema. "Hawahitaji tena. Wamebakiza kijana mmoja wa kulinda zile kurasa za zamani. Jumamosi naondoka, naenda kukaa kwa binti yangu."

"Kule unakokuchukia."

"Kule kule. Kuna punje za chokoleti kila duka."

Tukacheka kidogo. Halafu akaweka mkebe juu ya meza.

"Huu ni wako. Binti yangu ataniuliza takataka hizi za nini, nitashindwa kumweleza. Wewe unajua kazi yake."

Nilitaka kusema asante. Niliufungua ule mkebe. Vizibo vilikuwa vimeoshwa, aliviosha kwa ajili yangu. Nikavitazama, na nikajua kwamba akitoka mlango ule nitabaki na huo mkebe mpaka nife. Nikatoa kiberiti, nikakiweka katikati ya marumaru.

"Unapanga nini?" akauliza. Alikuwa bado anatabasamu.

"Kwetu."

Tabasamu likaondoka. Akavuta kiti, akavaa miwani ya waya.

"Hiki?"

"Nyumba ya kaka."

"Na hiki?"

"Banda la ng'ombe."

Nikaweka vyekundu viwili kwenye uwanja, Erasto na Patrisi. Nikaweka cha machungwa, kaka. Nikaweka cha kijani nyuma ya banda.

"Wewe," akasema.

"Mimi."

"Lango?"

Nikaweka kalamu zangu mbili za kuandikishia wageni, huku mwisho wa meza. Halafu nikachukua kiberiti cha tatu, kile kikubwa cha jikoni, nikakiweka kati ya kijani na zile kalamu.

"Hicho ni nini?"

"Ghala la mahindi."

Aliinama. Ilimchukua muda, mgongo ulikuwa mgumu, akashika ukingo wa meza, akashusha shavu mpaka likagusa marumaru kabisa, jicho lake lile zima nyuma ya kizibo cha kijani. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo kwa wafu wa watu wengine mara nyingi sana. Akakaa hapo. Nje Musa alipiga honi fupi mara moja akaacha.

"Huoni lango," akasema, bado shavu likiwa mezani.

"Sioni."

"Nani alikuwa langoni?"

Nilitafuta jibu lingine. Miaka yote ile nilikuwa nimewacheka watu wa ofisini kwao kwa yale maneno, nimemtukania kile kitufe chake, na sasa nilikuwa nimesimama na sare yangu sina mengine.

"Watu wasiojulikana," nikasema.

Akainuka polepole. Alama ya ukingo wa meza ilikuwa imebaki kwenye mkono wake.

"Na Zablon?"

Nikachukua kiberiti cha mwisho nikakiweka mbali, upande wa chini. Nikakivuta kile kidroo chake, nikatia kizibo cha machungwa ndani, nikakisukuma kikafunga.

"Nilibisha," nikasema. "Nikamsikia akikohoa ndani, hakufungua. Neema alikuwa bado anapumua."

Alitazama kile kiberiti kilichofungwa. Nilitaka anitukane. Nilikuwa tayari nimejipanga kwa matusi, hata angenipiga kwa ule mkebe.

"Hilo lingetosha," akasema. "Mtu alibisha, akasikia kikohozi, hakufunguliwa, mtoto akafa mlangoni. Ningeliandika hivyo hivyo, Soja. Lingesomwa. Na yeye angejua anasomewa nini." Akavua miwani, akaifuta kwa shati, ikawa chafu zaidi. "Umejua lini?"

"Tangu siku ile."

"Tangu siku ile." Akatikisa kichwa. "Na mimi nilifunga mkebe. Watu wote nimewauliza ghala, sikukuuliza wewe."

"Usilichukue kosa hili liwe lako, Mzee. Ni langu."

"Liko la kila mtu hapo, usiwe mchoyo."

Akavuta daftari la wageni, akaligeuza, akafungua ukurasa wa mwisho usiokuwa na mistari. Aliandika kwa Kiholanzi, kwa kalamu moja ya lango, uso karibu na karatasi kwa sababu ya lile jicho. Hakuwa na haraka. Akimaliza sentensi alinisomea kwa Kiswahili, akangoja niseme ndiyo. Aliyeshika lango hakuonekana na shahidi. Zablon hakuonekana na shahidi mahali popote nje ya nyumba yake. Shahidi alijua hayo aliposimulia. Mfasiri hakuuliza. Hilo la mwisho nilimwambia alitoe, akaniambia kazi ya kuhariri hajanipa.

"Yule kijana ataiweka kwenye ukurasa uleule, leo," akasema. "Nakala nyingine nitampelekea wakili wa Zablon mwenyewe, nikifika. Sijui kama itamsaidia. Miaka imepita. Anaweza kuwa ameshachoka kuzitaka zile karatasi."

"Watoto wake wamekua."

"Watakuwa wamekua."

Akabaki na kalamu juu ya karatasi. Chini ya maandishi palikuwa na nafasi ya mstari mmoja.

"Mara ile nilikuandika mkulima mmoja," akasema. "Safari hii ofisi itauliza nani anasema. Naweza kuandika vile vile. Ni haki yako."

Kampuni yangu ingeweza kuona. Nyumbani wangeona, Rhoda, mke wa Zablon pale stendi, na Erasto na Patrisi wangecheka, waseme mnaona, ni mwongo, na mengine yote ameyatunga. Hilo ndilo lililonichoma zaidi, na linanichoma mpaka leo, kwamba kwa mkono wangu nimewapa hao wawili mahali pa kujificha.

Nikamtajia jina langu. La ubatizo, la nyumbani na la baba, herufi moja moja, polepole, kama nilivyomtajia la Zablon.

Akaandika. Halafu akanigeuzia daftari nihakikishe.

Nikaweka kidole chini ya mstari nikaufuata mpaka mwisho. Hezron Juma Wanjiri.

"Liko sawa," nikasema.